Jando, unyago na malezi ya adabu Masasi na Newala

Katika nchi ya Masasi na Newala, namna ya kumsalimu mtu, kumpisha njiani, kumpokea mlangoni na kumzika ilifundishwa kwa makusudi, katika majira yake na kwa walimu wake. Wamakonde, Wamakua na Wayao, pamoja na jirani zao Wamwera, walilipa somo hilo taasisi nzima: jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Wageni wengi walioandika habari za huko walivutwa zaidi na kisu cha ngariba, ngoma na vinyago. Wenyeji, kijana akikosa heshima mbele za watu, husema hakufundwa. Neno hilo linamgusa yeye, mlezi wake na wajomba zake wote kwa pamoja.

Mazingira yanaeleza sehemu kubwa ya historia hii. Uwanda wa Makonde, ambao Newala imekaa ukingoni mwake, umeinuka kati ya Mto Ruvuma upande wa kusini na bonde la Mto Lukuledi upande wa kaskazini. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, na juu yake hakuna mto wala kijito. Hata hivyo watu waliukimbilia, kwa sababu vichaka vyake vizito viliwaficha wasionwe na wafanyabiashara wa watumwa wala na vikosi vya Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara. Usalama huo ulilipiwa kwa maji. Wanawake waliondoka alfajiri, wakateremka kwenye chemchemi za mabondeni, wakangoja zamu zao, kisha wakaupanda tena mteremko mtungi ukiwa kichwani. Hali hiyo ilianza kupata nafuu miaka ya 1950 tu, yalipowekwa mabomba na mitambo ya kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu.

Kwa hiyo kata ya maji aliyopewa mgeni ilikuwa zawadi ya kweli. Mgeni alipiga hodi akiwa bado nje ya uwanja, akangoja aitikiwe. Akikaribishwa, alitafutiwa kigoda au mkeka. Binti wa nyumba alileta maji, akapiga goti, akayatoa kwa mikono miwili, akabaki pale pale hadi kata irudishwe. Mgeni naye alikuwa na wajibu wake: kupokea kwa mikono miwili, kunywa bila pupa, na kutotaja shida iliyomleta kabla ya kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za wagonjwa na za mashamba. Salamu hizo zilichukua muda, na kuzikatisha kulihesabiwa kuwa ni dharau. Mtoto aliyekuwa akitazama kutoka pembeni aliyaona hayo yote mara nyingi kabla hajaambiwa neno lolote kuhusu adabu, naye alijua fika maji yale mama yake ameyatoa wapi.

Mpangilio wa jamii nao uliidai adabu hiyo. Wamakonde hawakuwa na mfalme wala mtemi mmoja juu yao. Kila makazi, yaani chirambo, yalikuwa na mkulungwa wake, mzee wa ukoo ulioanzisha makazi hayo, na ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa wajomba zake. Mjomba ndiye aliyemwonya, ndiye aliyesimama naye shaurini, na ndiye aliyekuwa na neno katika ndoa yake. Wanaume walikutana kwenye chitala, banda la wazi lililojengwa katikati ya makazi. Chakula kutoka majiko mbalimbali kililetwa pale na kuliwa pamoja, na mpita njia aliyekuta chakula kimetengwa alikaribishwa anawe. Pale chitalani wavulana walijifunza kumwachia mkubwa atangulie kumega, kula taratibu, na kunyamaza wakubwa wanapozungumza.

Nje ya chirambo hapakuwa na hakimu wala askari wa pamoja. Watu wawili wa makazi tofauti waliokutana kwenye kinjia cha kichakani, katika zama za kutekana na kuuzana, hawakuwa na kinga nyingine zaidi ya desturi. Aliyepita bila kusalimu aliweza kudhaniwa adui. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu wa uwanda huu kuyatilia mkazo mambo ambayo mgeni angeyaona madogo. Salamu, hodi na kupisha njia vilifanya kazi ambayo kwingineko ilifanywa na mamlaka ya mtawala.

Jando lilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, wakati ghala zina chakula cha kuwalisha wali na wageni wa ngoma. Wali ni vijana walioingizwa mafunzoni. Mkuu wa shughuli alikuwa nyakanga, mtu mzima aliyeheshimiwa kwa busara na kwa ujuzi wa dawa. Ngariba alikuwa na kazi yake moja, kutahiri. Na kila mvulana alikabidhiwa mlezi, kijana aliyekwisha kupita jandoni, ambaye alimuuguza, alimletea chakula na kujibu kwa makosa yake. Kumbi, yaani banda la jando, ilijengwa porini, mbali na macho ya wanawake, na wavulana walikaa humo kwa majuma mengi, pengine miezi kadhaa. Siku za kwanza zilikuwa za kidonda. Zilizofuata zilikuwa za mafundisho, na hizo zilikuwa nyingi zaidi.

Mafundisho yalitolewa kwa nyimbo na mafumbo, hasa usiku kando ya moto. Mwali aliimbiwa, akatakiwa kuurudia wimbo, kisha akatakiwa kueleza maana yake. Akikosea, alichekwa au kuadhibiwa, na mlezi wake akaaibika pamoja naye. Ndani ya nyimbo hizo mlikuwa na sheria za maisha ya kila siku: kumsalimu mkubwa kwa kuinama, kumtua mzee mzigo bila kuombwa, kutoketi kwenye kiti chake, kutomcheka kilema wala mgonjwa, kutochungulia nyumba ya mtu, kutokatiza maneno ya wanaozungumza, kusaidia shamba la mkwe, kutunza siri. Njia hii ilikuwa na nguvu kwa sababu moja: kanuni iliyoimbwa usiku huu kumbini ilipimwa kesho yake, pale mwali alipopokea chakula kutoka kwa mlezi wake au alipokutana na mzee aliyekuja kuwatazama. Ujuzi na tendo havikuachana kwa zaidi ya siku moja.

Siku ya kutoka, kumbi ilichomwa moto, na wavulana waliondoka bila kugeuka kutazama nyuma. Walioga, wakanyolewa, wakapakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya. Kijijini walipita wameinamisha vichwa huku jamaa wakiwatunza, na kwa Wamakonde vinyago vya midimu vilicheza. Kila mmoja alikuwa na jina jipya. Kumwita kwa jina lake la utotoni lilikuwa tusi, na hapo jamii nzima ilipata zoezi la heshima: hata mama yake alipaswa kuuzoesha ulimi wake jina jipya. Tangu siku hiyo kijana hakuingia tena chumbani kwa wazazi wake. Mlangoni kwao wenyewe alisimama na kupiga hodi.

Alipata pia haki moja nzito, nayo ni kuzika. Asiyepita jandoni hakushiriki shughuli za maiti; aliondolewa pamoja na watoto wengine. Aliyetoka jandoni alitumwa kuchimba kaburi, kubeba jeneza, kukesha matangani na kufika kwa wafiwa hata kama si jamaa zake. Msiba ulikuwa mtihani ambao watu hawakuusahau. Kijana hodari wa kucheza ngoma aliyekwepa jembe la makaburini alihesabiwa kuwa hakupata kitu kumbini, na siku ya msiba wa kwao aliweza kuwaona watu wamepungua uwanjani.

Unyago wa wasichana ulisimamiwa na wanawake, na mafunzo yake yalikwenda kwa hatua. Mwali alifundwa alipovunja ungo, akafundwa tena alipokaribia kuolewa, na kwa Wayao kulikuwa na mafunzo mengine wakati wa mimba ya kwanza. Kungwi wake, yaani mwanamke aliyemfunda, hakuachana naye ngoma ilipokwisha. Alikuwa msiri wake, mpatanishi wake akigombana na mumewe, na mtu wa kwanza kulaumiwa kama binti ameonyesha kiburi kwa mama mkwe au ameshindwa kumpokea mgeni. Usafi, kauli ya upole, kusaidia jirani aliyejifungua, kutogombana visimani, kutopeleka maneno ya nyumba hii nyumba ile: haya yote yalikuwa sehemu ya somo, sambamba na mambo ya ndoa ambayo watu wa nje wameyapigia kelele zaidi.

Haifai kuyapamba mafunzo haya. Heshima iliyofundishwa ilipanda kwenda juu kwa wepesi zaidi kuliko ilivyoshuka. Mwanamke alipiga goti mbele ya mwanamume zaidi kuliko mwanamume alivyojishusha mbele ya mwanamke, na mdogo alitakiwa kunyamaza hata pale alipokuwa na haki. Wali walipigwa, walitishwa, walinyimwa usingizi, na wengine walikufa kwa vidonda vilivyooza. Wasichana waliingia katika ndoa mapema mno. Upole uliosisitizwa nyimboni ulifundishwa wakati mwingine kwa mkono usio na upole hata kidogo, na mgongano huo ndio uliofanya taasisi hizi zibishaniwe kila zama.

Palikuwa na njia moja ya kuupunguza uzito huo wa heshima, nayo ni utani. Babu na mjukuu walitaniana kwa uhuru ambao baba na mwana hawakuuthubutu. Binamu walitukanana bila kuumizana. Utani wa makabila ulikwenda mbali zaidi, na watafiti wa Tanganyika walianza kuuandika kwa kina katika miaka ya 1940. Mara nyingi uliwaunganisha watu ambao mababu zao walipigana, kama Wangoni na makabila waliyoyashambulia. Mtani alifika msibani akamwiga marehemu, akadai vitu vya nyumba, akawasema wafiwa maneno ambayo yangeleta ugomvi yakitoka kwa mwingine, na wakati huo huo akafanya kazi za mazishi zilizo ngumu kwa jamaa. Kukasirikia utani ndiko kulikohesabiwa kuwa utovu wa adabu. Kwa nchi yenye watu waliotoka kila upande, wengine wakivuka Ruvuma, wengine wakikimbia vita, desturi hii iliwapa wageni na wenyeji namna ya kuzungumza juu ya majeraha ya zamani bila kuyatonesha.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Universities' Mission to Central Africa alifika Masasi akiwa na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Nia ilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa, lakini watu hao waliipenda nchi, wakabaki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1878, misheni ilifika Newala kwa Matola, kiongozi wa Kiyao aliyekusanya chini yake watu wa makabila mbalimbali. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Masasi, kijiji cha kwanza cha Kikristo katika sehemu hii, kilikuwa cha watu walioondolewa katika koo zao, wasio na mjomba wala kungwi wa kuwafundia watoto. Baadhi ya mapadri walidhani shule na katekisimu vingetosha kuziba pengo hilo. Havikutosha. Vijana wa Kikristo walitoroka kwenda jandoni, kwa sababu bila jando hawakupata mke, hawakuruhusiwa kuzika, na waliitwa watoto hata wakiwa na ndevu.

Mnamo 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Majimaji kuzuka na misheni kadhaa za kusini kuchomwa, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alizunguka Masasi, Chingulungulu na Newala. Alikuja na mashine ya kunasa sauti na ya kupiga picha zinazotembea, akarekodi nyimbo na ngoma, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha safari yake. Sura zake za unyago ni miongoni mwa maelezo ya awali yenye picha kuhusu mafunzo hayo. Aliandika kwa mtazamo wa watawala wa zama zake, kwa majivuno yanayochosha kusoma. Hata hivyo, aliyoyaona kwa macho yake yanaonyesha kwamba vita na njaa iliyofuata havikuizima ngoma.

Badiliko kubwa zaidi lililetwa na Vincent Lucas, padri wa Kiingereza aliyefanya kazi Masasi na ambaye mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi. Lucas, akisaidiana na mapadri na walimu Waafrika, alianzisha jando la Kikristo kuanzia miaka ya 1910. Kumbi ilibaki, walezi walibaki, na nyimbo nyingi zilibaki, ila msalaba na sala viliwekwa katikati, matusi na dawa za kishirikina zikaondolewa, na padri akachukua nafasi ya nyakanga. Mwaka 1928 Lucas alichapisha insha akitetea hatua hiyo, na Masasi ikajulikana kotekote katika mijadala ya makanisa juu ya mila za Afrika. Sifa zimemwendea yeye, lakini kazi yenyewe isingewezekana bila makasisi wenyeji kama Kolumba Msigala, waliopita katika desturi hizo na kujua kipi kikiondolewa somo zima huanguka. Kwa wasichana mpango wa namna hiyo haukufanikiwa vizuri. Wazungu walikuwa wakiingilia jambo lililokuwa mikononi mwa wanawake wazee, na makungwi hawakuona sababu ya kuwapa funguo za nyumba yao.

Uislamu ulienea kwa kasi katika mikoa ya kusini katika miaka hiyo hiyo, hasa baada ya Majimaji, nao ulilipokea jando bila mabishano makubwa, kwa kuwa tohara ilikuwa sunna. Dua na maulidi viliingia siku za kuingia na kutoka. Vijiji vingi vikawa na wali wa Kiislamu na wa Kikristo wanaotoka kumbi tofauti lakini wakiwa wamefundwa kanuni zile zile za hodi, salamu na msiba, na familia moja ikiwa na watu wa dini zote mbili.

Utawala wa kikoloni, kwa upande wake, ulifundisha somo la kinyume. Akida wa serikali aliyekuja kudai kodi hakupiga hodi. Mzee aliweza kuchapwa viboko mbele ya wajukuu zake, na mtu mzima aliyekwisha kupewa jina jipya jandoni aliitwa boi katika mashamba ya mkonge. Wamakonde wengi walikwenda manamba, yaani kazi ya mkataba mashambani, na huko walikutana na kejeli za watu waliocheka chale zao za usoni na ndonya (vigingi vya mdomo wa juu) za mama zao. Kwa wenyeji wa Newala chale na ndonya vilikuwa alama za mtu aliyekamilika. Aibu waliyotiwa huko ni moja ya sababu za desturi hizo kufifia, na ni mfano wazi wa jinsi dharau ya kila siku, bila sheria yoyote kuandikwa, inavyoweza kubadili sura za watu katika vizazi viwili.

Baada ya uhuru serikali ilitaka heshima ya aina nyingine, isiyopimwa kwa ukoo wala cheo. Watu waliitana ndugu. Mabalozi wa nyumba kumi walichukua sehemu ya kazi ya wakulungwa, na vijiji vya ujamaa vya mwanzo wa miaka ya 1970 viliziweka pamoja koo zilizokuwa zimeishi mbalimbali. Wakati huo huo, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964 viliwasukuma maelfu ya wakimbizi kuvuka Ruvuma. Wengi walikuwa Wamakonde na Wamakua, wenye jando na unyago wa kwao. Kupokelewa kwao kulirahisishwa na jambo hili: mgeni aliyejua kupiga hodi, kuulizana habari na kufika msibani alieleweka kabla hajajieleza.

Leo jando na unyago vinaendelea Masasi, Newala, Tandahimba na vijiji vya huko, kuanzia ukingo wa Makote hadi bonde la Ruvuma, lakini kwa umbo jingine. Tohara hufanywa mara nyingi na mganga wa zahanati, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Ratiba imefungwa na likizo za shule, za Juni na Desemba, kwa sababu viongozi wa serikali wamekataza watoto kutolewa darasani. Wali wamekuwa wadogo zaidi, wengine bado hawajafikia umri wa kuelewa wanachoimbiwa, na kumfundisha mtoto wa miaka minane mambo ya ndoa ni kosa ambalo wazee wa zamani wasingelikubali. Fedha za korosho zimeikuza sherehe ya kutoka: maspika ya kukodi, sare, picha za video na zawadi zinazoshindaniwa. Majuma ya mafumbo kando ya moto yamebaki siku chache.

Hivyo kilichopungua ni muda wa mlezi kukaa na kijana na kumwona anavyotenda, na kilichoongezeka ni gharama ya siku moja. Wazazi na manyakanga wanaotaka kupunguza mzigo wana haki ya kufanya hivyo. Wapunguze muziki na sare, wangoje mtoto akue, waondoe kipigo na mambo ya ndoa kwa watoto, na siku za kufundisha waziache zilivyokuwa.